Baiskeli ya Mbio ya Mtumba Mjini Kisumu: Uchaguzi Baada ya Wizi

Baiskeli ninayoiendesha sasa ina fremu ya alumini, foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya kaboni, gia za Sora, daraja la kawaida la kampuni ya vipuri ya Shimano, zenye ngazi 9 nyuma na 2 mbele, na breki za kawaida zinazobana rimu. Ni mtumba uliotoka Uingereza. Muuzaji wa hapa Kisumu aliitajia bei ya shilingi 55,000, nami nikailipia 42,000 baada ya ukaguzi ambao nitaueleza kwa urefu, kwa kuwa ndio ulioishusha bei. Nimeiendesha katika mvua za masika na katika jua lililofuata, kwenda kazini na katika safari ndefu za Jumamosi, na kwa jumla nimeridhika nayo, ingawa ina kasoro ambazo mnunuzi mwingine huenda asizivumilie. Tathmini hii inaihusu baiskeli hiyo pamoja na nyingine tatu nilizozikataa, mbili hapa Kisumu na moja Nakuru, na inamlenga hasa msomaji aliyeibiwa baiskeli na sasa anatafuta nyingine.

Mtu wa namna hiyo hununua tofauti na mnunuzi wa kawaida. Anayenunua kwa mara ya kwanza huuliza ni baiskeli ipi iliyo nzuri. Aliyeibiwa huuliza ni ipi inayofanana na ile iliyokwenda. Yangu ilikuwa ya kaboni, yenye gia 11 za daraja la Shimano 105, lililo juu ya Sora, na ilichukuliwa usiku kutoka barazani mtaa wa Migosi baada ya waya wa kufuli kukatwa kwa koleo. Niliandikisha ripoti polisi na kupewa nambari ya OB (daftari la matukio la kituo), kisha nikaanza kuuliza bei. Jambo lililodhihirika mapema ni kwamba kumtafuta pacha wa baiskeli ile kungenigharimu fedha nyingi na kunirudishia matatizo yake yote, kwa maana kila cheni na kila kaseti (rundo la meno ya gia za nyuma) yake ilikuwa ikiagizwa Nairobi na kuletwa kwa basi. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kikawa fundi. Baiskeli ambayo fundi wa mji huu hawezi kuitengeneza kwa vipuri anavyoweza kuvipata ndani ya siku mbili, hata kama ni nyepesi na nzuri namna gani, itakaa ukutani wakati ambapo mwenyewe anapanda matatu.

Kipimo cha pili ni barabara. Kusini-mashariki, kuelekea Ahero na Awasi, uwanda wa Kano ni tambarare, na mwendeshaji hupambana na upepo, malori ya miwa na matuta kuliko anavyopambana na mlima. Kaskazini mambo hubadilika ghafla. Ziwa liko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ilhali Maseno, ambako barabara ya Busia inakata ikweta, ni kama mita 1,500, na barabara ya Kakamega huanza kupanda kwa ukali mara tu unapoiacha Mamboleo kuelekea Riat na Kiboswa. Lami yenyewe ni nzuri kwa sehemu kubwa, lakini ukingo wake umemeguka mahali pengi, na lori linapokuja nyuma yako kwa honi ndefu unashuka kwenye murram, yaani changarawe nyekundu ya kando, bila kushauriwa. Baiskeli yenye matairi ya milimita 23, ambayo miaka ya nyuma ndiyo iliyoonekana kuwa ya mbio za kweli, haina raha katika mazingira hayo.

Ya kwanza niliyoikagua ilikuwa mpya kabisa, katika duka la mjini, kwa bei ya shilingi 28,000. Ilikuwa nyekundu, yenye usukani wa mbio na maandishi makubwa ubavuni, na muuzaji alikuwa tayari kutoa risiti ya kodi papo hapo, jambo ambalo nililipa uzito. Fundi niliyeandamana naye, mzee wa Kibuye ambaye kila mtu sokoni humwita jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, aliining'iniza kwenye mizani ya ndoano, nayo ikasoma zaidi ya kilo 15. Uzito pekee haukuwa sababu ya kuikataa. Tatizo lilikuwa nyuma. Gia zake 7 zilikuwa za aina inayoskurubiwa juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na katika muundo huo beringi ya upande wa cheni hukaa mbali na fremu, hivyo sehemu ndefu ya ekseli hubaki bila kuegemea chochote. Kila tuta unalolipiga bila kusimama kwenye pedali huipinda ekseli hiyo kidogo, mpaka siku inapovunjika. Katika muundo wa kaseti, beringi husogezwa hadi karibu na ukingo wa fremu, na ekseli kuvunjika huwa nadra. Mtu anayezunguka mtaani hataiona tofauti hiyo kwa muda mrefu. Anayekwenda Luanda, mbele ya Maseno, na kurudi ataiona mapema.

Kulikuwa pia na rimu za chuma kilichopakwa kromu. Rimu hizo huonekana safi dukani, lakini zikilowa, raba za breki huteleza juu yake na baiskeli huendelea kwenda wakati wewe umekwisha kubana breki zote mbili. Kwa mji ambao mvua ya alasiri hushuka bila kubisha hodi, na ambao njia ya kurudi nyumbani kutoka kaskazini ni mteremko mtupu hadi ziwani, sioni namna ya kumshauri mtu anunue rimu za aina hiyo. Jaduong' alisema kwa kifupi: "Kijana wangu, hii wameitengeneza ipigwe picha." Nilimshukuru muuzaji, nikaondoka.

Ya pili ilikuwa kishawishi halisi. Ilikuwa ya kaboni, yenye gia 11 za daraja lilelile la 105, na breki za diski zinazotumia mafuta. Mwenyewe alitaka 58,000 na alionyesha dalili za kushuka. Kwa mtu aliyepoteza baiskeli ya aina hiyo, mkono huanza kutafuta simu ya kulipia kabla kichwa hakijamaliza kufikiri. Tuliigonga fremu kwa sarafu polepole, sentimita kwa sentimita, kwa kuwa kaboni nzima hutoa mlio mkavu na wa juu, na palipopasuka ndani hutoa mlio mzito uliokufa. Bomba la chini lilikuwa salama hadi karibu na ekseli ya pedali, ambapo sauti ilibadilika katika eneo la ukubwa wa kidole gumba. Rangi ya juu haikuwa na alama. Huenda ilikuwa gundi nene zaidi mahali pa kiungo, kwani sauti hubadilika pia pale unene wa kaboni unapobadilika, na huenda ulikuwa ufa. Kati ya Nakuru na Busia simjui fundi anayetengeneza kaboni, na chuma kinaweza kulehemiwa na alumini mara nyingi hujikunja kabla ya kukatika, lakini kaboni iliyopasuka inaweza kuachana ghafla mwendeshaji akiwa kwenye mteremko.

Breki zake zilikuwa bora kuliko nyingine zote nilizozijaribu, na sitaki kuonekana kama mtu anayezidharau. Breki ya diski husimama vilevile kwenye mvua na kwenye jua, na haili rimu. Hata hivyo, breki za mafuta za Shimano hutumia mafuta maalumu ya madini, na kampuni nyingine hutumia mafuta ya aina inayofanana na ya breki za gari, ambayo yakichanganywa na yale huharibu raba za ndani. Jaduong' aliniambia wazi kwamba hana vifaa vya kuitoa hewa katika mfumo huo, na kwamba asingependa kujifunzia kwenye baiskeli yangu. Niliyaheshimu maneno hayo kuliko tangazo lolote.

Jambo lililoifunga habari ya baiskeli hiyo, hata hivyo, lilikuwa chini yake. Tulipoipindua, mahali ambapo nambari ya fremu hukaa, chini ya ekseli ya pedali, palikuwa pamesuguliwa kwa msasa hadi nyuzi za kaboni zikaonekana. Nilimuuliza mwenyewe sababu, akajibu kwamba ni mawe ya barabarani. Mawe hayasugui mstari ulionyooka wa sentimita 6.

Hapa ndipo aliyeibiwa anapaswa kuwa mkali kuliko wanunuzi wengine wote, kwa sababu soko analoingia ndilo ambalo huenda baiskeli yake mwenyewe imepita. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14 gerezani. Nambari iliyosuguliwa ni sababu ya kutosha ya kuamini. Hata pasipo kosa la jinai, kanuni ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni kwamba kwa kawaida mnunuzi hapati haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo muuzaji. Mwenye baiskeli akijitokeza na risiti yake, wewe utabaki na hasara na kumtafuta aliyekuuzia, ambaye simu yake kwa wakati huo itakuwa imezimwa. Nilimwambia mwenye baiskeli ile kwamba nitamfikiria. Sikumfikiria.

Nakuru nilikwenda kwa shughuli nyingine, nikatumia nafasi hiyo kuwatembelea wauzaji wa mitumba. Niliona baiskeli nyingi zaidi kuliko Kisumu, hasa za watu warefu, za sentimita 58 na 60, ambazo kwangu mimi zilikuwa kubwa mno. Kati ya zote iliyonisimamisha ilikuwa ya chuma, ya Kiingereza, ya zamani, yenye viungo vilivyounganishwa kwa shaba na rangi ya kijani iliyopauka kwa heshima. Bei yake ilikuwa 18,000. Ilikuwa nyepesi kuliko ilivyoonekana, na ilikwenda kwa utulivu ambao alumini hauna. Nilisikitika kuiacha, lakini magurudumu yake yalikuwa ya inchi 27, kipimo kilichotumika sana Uingereza na Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Rimu yake ina kipenyo cha milimita 630 mahali tairi linapokaa. Rimu ya 700C ya baiskeli za mbio za leo ina milimita 622. Milimita 8 hizo zinatosha kabisa kulizuia tairi la kisasa lisiingie. Wala la black mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, halisaidii, kwa kuwa lile la inchi 28 ni la milimita 635. Ukilipasua tairi la inchi 27 njiani kati ya Salgaa na Nakuru, safari yako imekwisha, na huenda baiskeli yenyewe pia. Magurudumu yanaweza kubadilishwa kuwa 700C ikiwa breki zina urefu wa kuifikia rimu ndogo, na breki za ile ya kijani zilikuwa zimeishia mwisho wa nafasi zake. Mtu mwenye subira na fundi mzuri anaweza kuifufua. Mimi nilihitaji baiskeli ya kwenda kazini.

Nikarudi Kisumu kwa ile ya alumini. Ilikuwa katika banda la muuzaji ambaye hupokea baiskeli za kontena kutoka Mombasa, miongoni mwa baiskeli za watoto na za milimani, ikiwa imevumbika na isiyo na mvuto wowote. Fremu ilikuwa ya sentimita 54, kipimo ambacho humfaa mtu wa urefu wa takriban mita 1.70 hadi 1.78, nami nimo humo. Nambari ya fremu ilisomeka yote. Muuzaji alikuwa na karatasi za forodha za shehena nzima, alikubali kuandika mkataba wa mauzo wenye nambari hiyo na nakala ya kitambulisho chake, na hakuudhika nilipoipiga picha. Ningependa kila anayesoma ajue kwamba muuzaji halali haudhiki kwa maombi hayo. Anayeudhika amekwisha kukujibu.

Ukaguzi ulichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Jaduong' alianza na cheni, na kwa kuwa njia yake haihitaji kifaa chochote isipokuwa rula ya chuma yenye inchi, nitaieleza. Aliikaza cheni kwa kuibonyeza pedali, akaweka mwanzo wa rula katikati ya pini moja, kisha akahesabu pini 24 mbele. Katika cheni mpya pini hiyo ya 24 huangukia inchi 12 kamili. Ikipita inchi 12 kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, cheni imechakaa na inapaswa kubadilishwa kabla haijayala meno ya kaseti. Ikipita kwa sehemu ya nane, kaseti nayo kwa kawaida imekwisha kuliwa, na cheni mpya itaruka juu yake kila unapokanyaga kwa nguvu. Ya kwetu ilikuwa katikati ya alama hizo mbili, ikiegemea ile mbaya. Alimwonyesha muuzaji rula bila kusema neno. Hapo bei ikashuka kwa mara ya kwanza.

Kisha akaenda kwenye kiti, na sehemu hii ndiyo ambayo wanunuzi wengi wa mitumba ya Uingereza huiruka. Wakati wa baridi barabara za kule humwagiwa chumvi ili barafu isishike, na chumvi hiyo huingia katika kila tundu la baiskeli. Nguzo ya kiti ya alumini ndani ya fremu ya chuma, au ya kaboni ndani ya alumini, inaweza kushikana kwa kutu kiasi kwamba haitoki hata kwa nyundo, na baiskeli hubaki na urefu wa mwenyewe wa kwanza milele. Alilegeza bolti, akashika kiti kwa mikono miwili na kukizungusha. Kiligoma kwanza, kikalia, halafu nguzo ikatoka ikiwa na unga mweupe wa kutu ya alumini ulioganda kuizunguka. Aliufuta kwa kitambaa, akaipaka grisi, akairudisha. Chumvi hiyohiyo ilikuwa imezishika chuchu (nati ndogo za kukazia) kadhaa za spoki katika gurudumu la nyuma, kwa hiyo zisingegeuka bila hatari ya kuvunja spoki. Bei ikashuka tena.

Rimu zilikuwa na uhai uliobaki: ukipitisha ukucha mahali raba zinapobana, ulihisi bonde dogo tu, na kitundu cha alama ambacho kiwanda hukiweka ili kikitoweka ujue rimu imekwisha kilikuwa bado kinaonekana. Spoki alizipapasa mbili mbili, akizichezesha kwa kidole, zilie kwa sauti inayokaribiana kama nyuzi za nyatiti iliyokazwa vizuri. Za mbele zililia vizuri, za nyuma tatu zilikuwa zimelegea. Chini ya shingo ya fremu, mahali ambapo bomba hukunjamana baiskeli inapogonga kitu kwa mbele, hapakuwa na mikunjo wala rangi iliyopasuka. Alibana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma ili kusikia kama beringi za usukani zimelegea. Hazikuwa zimelegea.

Nililipa kwa M-Pesa, kwa sababu ujumbe wake hubeba jina la aliyepokea, tarehe na kiasi, na huo ni ushahidi ambao noti hazitoi. Jioni ile nilizihifadhi picha za baiskeli, mkataba na nambari ya fremu katika barua pepe yangu mwenyewe.

Gharama haikuishia kwenye 42,000. Cheni, kaseti, waya za breki na gia, raba mpya, na kazi ya kulijenga upya gurudumu la nyuma kwa spoki na chuchu mpya vilikula karibu 11,000 zaidi. Mnunuzi wa mtumba anapaswa kuiweka pembeni robo ya bei tangu mwanzo, vinginevyo atajikuta ana baiskeli nusu.

Kuhusu vipuri, sikuchagua gia 9 kwa sababu ni bora kuliko 11. Cheni za gia 6, 7 na 8 ni za upana mmoja na hupatikana kwa urahisi zaidi mjini. Kwa hoja ya fundi peke yake, gia 8 za daraja la Shimano Claris zingekuwa chaguo sahihi kuliko zangu, na kama ningeipata yenye fremu nzuri kama hii ningeichukua bila kusita. Cheni ya gia 9 ni nyembamba kidogo, huagizwa lakini haichelewi, na bei yake haiumizi. Zaidi ya hapo kila ngazi ya gia unayoongeza huifanya cheni iwe nyembamba, bei ipande na fundi apungue. Tusisahau kwamba mafundi wenyewe wamepungua: boda boda, iliyoanza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, sasa ni kazi ya pikipiki, na vijana wengi ambao wangejifunza kunyoosha rimu wamejifunza kusafisha kabureta.

Valvu ni jambo dogo linaloweza kukulaza njiani. Matairi ya mbio huja na tyubu za valvu nyembamba ya milimita 6, ilhali tyubu za pikipiki na za baiskeli nyingi za milimani zina valvu nene ya milimita 8, ambayo haipiti katika tundu la rimu ya mbio. Pampu ya hewa ya kituo cha mafuta haishiki valvu nyembamba mpaka uwe na kiunganishi kidogo cha shaba, kinachouzwa kwa bei ya chai na mandazi. Ninacho kimoja mfukoni na kingine katika mkoba wa zana, pamoja na tyubu mbili na viraka. Baadhi ya watu huitoboa rimu ili ipokee valvu nene. Kwenye rimu nyembamba ya mbio tundu hilo pana huacha alumini kidogo mno kila upande, na mimi singefanya hivyo.

Baiskeli ilikuja na matairi ya milimita 25, nikayabadilisha kwa ya 28, ambayo ndiyo mapana zaidi breki hizi zinayoyaruhusu kupita. Kwa uzito wangu nayajaza karibu psi 75 badala ya 95, na tofauti kwenye ile mistari ya matuta madogo madogo kabla ya masoko ni kubwa mno. Kwenye murram kavu ya ukingoni hupita kwa usalama. Kwenye udongo mweusi wa Kano uliolowa hayapiti, wala hakuna tairi la mbio litakalopita: udongo hujaa kati ya tairi na breki hadi gurudumu ligome kuzunguka, na kilichobaki ni kuibeba begani.

Mlimani gia zinatosha kwa shida. Mbele kuna meno 50 na 34. Kaseti iliyokuja ilikuwa na meno 28 kwenye gia nyepesi zaidi, nami nikaweka yenye 32, baada ya kuhakikisha kwamba kifaa cha kubadilishia gia kina mkono mrefu wa kutosha kuifikia. Kwa 32 ninapanda Riat nikiwa nimekaa na nikizungumza, ingawa kwa sentensi fupi. Kubadilisha gia ni kwa sauti ya wazi na kwa uhakika, polepole kidogo kuliko 105 niliyoizoea, na baada ya wiki chache sikuiona tena tofauti hiyo isipokuwa ninaposhindana na kijana wa maziwa mwenye black mamba, ambaye hushinda kwa vyovyote vile.

Kasoro ya kwanza ni breki. Kwenye mvua ya kwanza zinachelewa kwa mzunguko mmoja au miwili ya gurudumu mpaka maji yafutike, na mwenye kutoka kwenye diski za mafuta atashtuka. Nimejifunza kuzigusa kidogo mapema ninapokaribia mteremko wa Kiboswa. Ya pili ni ugumu wa fremu ya alumini, ambao foki ya kaboni huupunguza mbele lakini si nyuma. Ukivuka Ahero kuelekea Awasi, mgongo utakueleza. Fremu haina matundu ya kufungia kifuniko cha tope wala keria, kwa hiyo mvua inaponyesha shati hupata mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi shingoni, na mwalimu anayeingia darasani hivyo lazima awe na shati la pili. Hii ya mwisho ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa kuwa ni ya kila siku.

Kufuli nililonunua ni la umbo la U, la chuma kigumu, kwa shilingi 4,500, na uzito wake ni kama chupa ya maji ya lita moja na nusu. Hakuna kufuli lisilokatika kwa mashine ya kusagia chuma. La U linahitaji mashine hiyo, kelele na cheche, ilhali waya hukatwa kwa koleo kimya kimya. Linapita katika fremu na gurudumu la nyuma pamoja, na gurudumu la mbele nimeliondolea kile kishikio cha kufungua kwa mkono, nikaweka bolti inayohitaji ufunguo. Usiku baiskeli hulala ndani, kati ya kabati na ukuta wa sebule, na mke wangu amekwisha kusema alichokuwa nacho cha kusema juu ya jambo hilo.

Muuzaji aliyeniuzia alikuwa na nyingine mbili za aina hiyohiyo nilipompitia mara ya mwisho, zote za sentimita 52, ambazo zitamfaa mtu wa urefu wa mita 1.65 hadi 1.72. Bei anayoanzia ni 50,000. Moja ina kifaa cha nyuma cha kubadilishia gia kilichopinda na ningeiacha; nyingine, yenye rangi nyeupe, ina magurudumu mazuri kuliko yangu, na atakayekwenda na rula na jaduong' wake anaweza kuipata kwa 40,000.